Barua ya wazi: Majibu ya mafua ya ndege yapatikane Nyanda za Juu Kusini ndani ya siku moja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari. Mtendaji Mkuu wa Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Na Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi na Ruvuma.

YAH: UPIMAJI WA HARAKA WA VIRUSI VYA MAFUA YA NDEGE KATIKA NYANDA ZA JUU KUSINI

Waheshimiwa,

Naandika nikiwa afisa mifugo mstaafu na mfugaji wa kuku wa mayai hapa Uyole, jijini Mbeya. Nina ombi moja. Kuku wanapoanza kufa ghafla mahali popote kuanzia Ilula hadi Tunduma, na kuanzia Makete hadi Mbinga, jibu la maabara linalosema kama ni mafua makali ya ndege au siyo lipatikane ndani ya siku moja tangu sampuli ichukuliwe, tena litoke katika maabara iliyo huku huku kusini. Yote nitakayoyaeleza hapa chini yanalihusu ombi hilo.

Ili uzito wake ueleweke, inafaa kutazama kinachotokea bandani wakati jibu linasubiriwa. Mfugaji mwenye kuku mia tano anaingia asubuhi na kukuta watatu wamekufa karibu na vyombo vya maji. Anadhani ni jiko la mkaa la usiku au chakula kilichovunda. Jioni wamekuwa kumi na wawili, na wengine wamejikunyata pembeni, mabawa yameshuka, upanga wa kichwani umegeuka zambarau, na mayai ya siku hiyo hayajazi hata trei tatu. Anakimbilia duka la pembejeo za mifugo na kuuziwa antibayotiki ya kuchanganya kwenye maji, dawa isiyoweza kufanya lolote juu ya virusi. Usiku wa siku ya pili anampigia simu mnunuzi. Kabla ya alfajiri pikipiki imefika na matenga mawili, kuku walio bado na nguvu wamepakiwa, na jua linapochomoza wako Mwanjelwa, au wamo kwenye gari linaloelekea Makambako. Matenga yale yale yatakwenda banda jingine mchana bila kuoshwa. Trei za karatasi zilizobeba mayai yake zitarudi mtaani kwa mfugaji mwingine.

Simlaumu mfugaji huyo, na naomba ninyi pia msimlaumu. Ana deni la chakula cha kuku dukani, ana mkopo wa kikoba, na watoto wanadaiwa ada. Amri ya kutouza inayomfikia bila jibu la maabara inamtaka akae atazame mtaji wake ukioza kwa sababu ya jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha. Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi na najua kwamba karantini isiyo na jibu haitiiwi kijijini, hata ikisainiwa na nani. Ndiyo maana nasema kasi ya kipimo ndiyo msingi wa udhibiti wote, maana bila hiyo kila hatua inayoandikwa katika mipango ya dharura inaanza baada ya kuku kwisha kuuzwa.

Ugonjwa wenyewe haungoji mtu. Virusi vikali vya aina ya H5N1, ambavyo ukoo wake ulitambuliwa kwa bata bukini kusini mwa China mwaka 1996, vinaweza kuua karibu kuku wote wa banda moja, wengi wao ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Bata wanaweza kuwa navyo na kuvisambaza huku wakionekana wazima. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linazitaka nchi wanachama kutoa taarifa ndani ya saa 24 baada ya ugonjwa kuthibitishwa, na sharti hilo lina maana pale tu ambapo uthibitisho wenyewe haukuchukua wiki nzima. Mwaka 1997 huko Hong Kong watu 18 waliambukizwa na 6 wakafariki, na mamlaka zikalazimika kuwaua kuku wote wa eneo hilo, kwa kuwa masoko ya kuku hai yalikuwa yamekwisha kuchafuka. Tangu mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani limeandikisha zaidi ya watu 900 walioambukizwa H5N1 duniani, na karibu nusu yao wamepoteza maisha. Virusi hivi haviambukizi kwa urahisi kutoka kwa mtu hadi mtu, na tunamshukuru Mungu kwa hilo, lakini wanaonyonyoa kuku sokoni kutwa nzima kwa mikono mitupu wanastahili kulindwa kabla hali hiyo haijabadilika.

Najua kuna watakaouliza kwa nini tuhangaike na ugonjwa ambao wengi wetu hatujawahi kuuona mabandani. Nigeria ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuukuta, mwezi Februari 2006. Januari 2017 Uganda ilithibitisha virusi vya H5N8, aina nyingine ya mafua ya ndege, kwenye ndege wa porini na bata wa kufugwa kando ya Ziwa Victoria, ziwa tunalochangia. Mwaka 2023 Afrika Kusini ilipoteza mamilioni ya kuku hadi mayai yakaadimika madukani, na mwaka huo huo Msumbiji, ambayo mkoa wa Ruvuma unapakana nayo, ikaripoti mlipuko. Serikali yetu yenyewe haikuudharau ugonjwa huu, kwani mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa Namanga kwa hoja ya kuzuia mafua ya ndege. Sijadili hapa kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba nchi inayoweza kuwa na msimamo mkali kiasi hicho mpakani inapaswa kuwa na uwezo wa kujibu kwa haraka kuku wanapokufa Mbarali.

Na Mbarali naitaja kwa sababu. Bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu hupokea ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia kuanzia mwezi Oktoba, na ndege hao huondoka Machi na Aprili. Katika miezi hiyo hiyo mashamba ya mpunga yanajaa maji, bata wa wanavijiji wanaogelea kwenye majaruba yale yale wanamotua ndege wa porini, na jioni bata hao wanarudi kulala na kuku. Ziwa Rukwa nalo lina hali hiyo. Kisha kuna mipaka: Tunduma upande wa Zambia na Kasumulu upande wa Malawi, ambako kuku, mayai na vifaranga huvuka kwa njia halali na kwa njia za vichochoroni, na kuna barabara kuu ya TANZAM, ya kutoka Zambia hadi Dar es Salaam, inayoweza kumfikisha kuku wa Mbozi jijini Dar es Salaam siku inayofuata. Zaidi ya hayo, baridi yetu inavisaidia virusi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa katika kinyesi cha ndege H5N1 huweza kubaki hai kwa angalau siku 35 kwenye nyuzijoto 4, ilhali kwenye nyuzijoto 37 hudumu kama siku 6 tu. Anayeujua mwezi wa sita na wa saba wa Makete, Njombe na Mufindi ataelewa mara moja kwamba banda la huku halijisafishi kwa jua kama banda la pwani.

Nataka kulikazia suala la kideri, kwa sababu ndipo hatari kubwa ilipojificha. Wafugaji wetu wameishi na kideri, au mdondo kama wengine wanavyouita, tangu enzi za babu zao. Kuku wakifa kwa wingi, jibu liko tayari mdomoni: ni kideri tu. Mara nyingi wanakuwa sahihi. Hata hivyo, kwa macho peke yake hakuna mtaalamu, hata awe na shahada ngapi, anayeweza kutenganisha kideri kikali na mafua makali ya ndege, kwa kuwa yote mawili huua ghafla, huvimbisha kichwa, hushusha utagaji na huleta shida ya kupumua. Tuna chanjo nzuri ya kideri ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini, inayovumilia joto na kutolewa kwa tone moja la jichoni kila baada ya miezi mitatu. Mafanikio ya chanjo hiyo yanatupa nafasi ambayo hatujaitumia: banda lililochanjwa kwa wakati likianza kufa ghafla, dhana ya kideri inapungua nguvu, na hapo ndipo sampuli inapaswa kuondoka saa hiyo hiyo. Tunaomba agizo hilo lifike kwa kila afisa mifugo wa kata kwa maandishi, badala ya kuachiwa busara ya mtu mmoja mmoja. Na maabara ikipokea sampuli, ipime yote mawili kwa pamoja. Mfugaji akiambiwa kuwa si mafua ya ndege bali ni kideri, majirani zake watajua wachanje kuku wao, na hilo nalo ni faida.

Sasa niseme juu ya vipimo vyenyewe, maana nimesikia vikao ambamo neno "kipimo cha haraka" linatumika kwa mambo mawili yasiyolingana. Kipo kipimo kinachofanana na kile cha malaria cha zahanati: unachovya kijiti chenye pamba kilichotoka kooni mwa kuku, unadondosha matone kwenye kikasha, na ndani ya robo saa mstari unaonekana au hauonekani. Ni kizuri kwa kazi yake. Kinanasa protini iliyo katika virusi vyote vya mafua ya kundi A, kwa hiyo hakiwezi kusema kama ni H5 au H7, zile aina zinazoweza kuwa kali, au aina nyingine isiyo na madhara makubwa, na kinahitaji virusi viwe vingi sana ili mstari utokee. Kwa kuku aliyekufa muda si mrefu kinaweza kusaidia. Kwa bata anayetembea mzima kinaweza kunyamaza huku virusi vikiwemo. Mstari ukitokea, tufunge banda mara moja. Usipotokea, hatuna ruhusa ya kusema banda ni salama. Naomba sana Wizara isije ikanunua maboksi ya vipimo hivyo, ikayagawa wilayani, kisha ikahesabu kwamba Nyanda za Juu Kusini zimepata huduma ya maabara.

Kipimo tunachokihitaji ni cha PCR, ambacho Watanzania wengi walilisikia jina lake wakati wa UVIKO-19. Mtaalamu hutoa vinasaba vya virusi kutoka kwenye sampuli, akatafuta kwanza sehemu inayofanana katika mafua yote ya kundi A, na ikipatikana, akatafuta H5 na H7. Kazi yote huchukua saa chache. Sampuli za kuku watano wa banda moja zinaweza kuunganishwa na kupimwa pamoja, jambo linalopunguza gharama. Zipo pia mashine ndogo za kubebeka, na kuna njia ya LAMP inayofanya kazi kwenye joto moja la nyuzi 60 hadi 65 na kutoa jibu ndani ya saa moja hivi, bila kuhitaji mashine ya kupandisha na kushusha joto. Njia ya zamani ya kuotesha virusi kwenye mayai yenye viinitete vya siku 9 hadi 11 bado ina umuhimu wake kwa utafiti na kwa kutambua ukali wa virusi, lakini inachukua siku nyingi na inataka maabara yenye ulinzi wa hali ya juu. Hiyo ibaki Maabara Kuu ya TVLA iliyoko Temeke, Dar es Salaam, na virusi vipya viendelee kupelekwa kwenye maabara za rejea za kimataifa kama ile ya Padova nchini Italia. Sisi huku hatuombi kila kitu. Tunaomba lile jibu la kwanza.

TVLA ina kituo Iringa. Tunaomba kituo hicho kiwe na uwezo wa PCR ya mafua ya ndege na kideri mwaka mzima, na Mbeya pawepo angalau mashine ya kubebeka yenye mtaalamu wake, kwa sababu sampuli ya Kyela au Momba ikilazimika kufika Iringa kwanza, siku imekwisha njiani. Nasema "mwaka mzima" kwa makusudi. Mashine ni sehemu nyepesi ya kazi hii. Inanunuliwa, inazinduliwa, picha zinapigwa. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, ndivyo vinavyokwisha. Vingi vinataka friza ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri, na umeme ukikatika usiku kucha bila jenereta, asubuhi mtaalamu ana mashine nzuri isiyoweza kupima kitu. Kuna vitendanishi vilivyokaushwa ambavyo havihitaji friza, na kwa mazingira yetu naona hivyo ndivyo vya kutangulizwa hata kama bei yake iko juu kidogo. Vilevile virusi hivi hubadilika, kwa hiyo viasilia vya kipimo, yaani vipande vifupi vya vinasaba ambavyo kipimo hutumia kuvitambua virusi, vilivyopangwa kwa virusi vya miaka kumi iliyopita vinaweza kupita juu ya virusi vya leo bila kuvitambua. Bajeti iwe na fungu la kuvihuisha, na maabara ishiriki majaribio ya ubora ambamo hutumiwa sampuli za siri kutoka nje ili ijipime yenyewe.

Upande wa kusafirisha sampuli kuna jambo ambalo lingetuondolea nusu ya matatizo. Leo kijiti cha pamba huwekwa kwenye kimiminika cha kuhifadhia virusi, kikapozwa, na kinatakiwa kifike maabara kikiwa bado baridi, kwa kawaida ndani ya saa 48. Barafu ikiyeyuka kwenye buti la basi kati ya Sumbawanga na Mbeya, sampuli inaharibika na kazi ya afisa inapotea. Zipo kemikali zinazoua virusi papo hapo na kuhifadhi vinasaba vyake, hivyo sampuli husafiri kwa usalama zaidi kwa aliyeibeba, na baridi haiwi sharti gumu kama kwa sampuli hai. Virusi vilivyouawa haviwezi kuoteshwa baadaye, kwa hiyo afisa achukue vijiti viwili kwa kila kuku: kimoja kwa ajili ya jibu la haraka la huku, na kingine kibaki kwenye baridi kwa ajili ya Temeke endapo jibu ni ndiyo. Kila wilaya iwe na kisanduku chenye vifaa hivyo, glavu, barakoa na fomu, pamoja na mafuta ya pikipiki yasiyosubiri kibali cha siku tatu.

Tusingoje pia mpaka kuku wafe. Masoko ya kuku hai yapimwe mara kwa mara, hasa kuanzia Oktoba hadi Aprili na kabla ya sikukuu, kwa kupitisha vijiti vya pamba kwenye sakafu za matenga, vyombo vya maji na meza za kuchinjia. Hakuna mfanyabiashara anayepoteza kuku kwa kipimo cha namna hiyo, na virusi vikianza kuzunguka tutavikuta mapema.

Kuna fidia, na hapa nitasema bila kuzunguka. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inaipa Serikali mamlaka ya kuzuia na kuteketeza mifugo yenye ugonjwa. Mfugaji anayejua kuwa jibu la "ndiyo" litafuta banda lake lote bila kulipwa chochote hatampigia simu afisa mifugo, atampigia mnunuzi. Maabara ya siku moja itakaa bila sampuli. Naomba kiwango cha fidia kitangazwe kabla ya ugonjwa kuingia, kiwe karibu na bei ya soko, kilipwe kwa simu ndani ya muda unaojulikana, na kimhusu pia bibi wa Rungwe mwenye kuku wanane wa kienyeji. Upimaji wa banda linaloshukiwa uwe bure.

Uwezo wa jambo hili upo nchini. Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulipotokea Biharamulo, maabara inayohamishika ya Kabaile mkoani Kagera ndiyo iliyotoa jibu la kwanza, kisha Dar es Salaam ikathibitisha. Hapa Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda na kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, vina wataalamu waliozoea vipimo vya vinasaba kwa miaka. Dawati la Afya Moja lililo Ofisi ya Waziri Mkuu liliundwa ili sekta ya wanyama na ya binadamu zisifanye kazi kila moja peke yake. Daktari wa mifugo na mtaalamu wa maabara ya hospitali wakikubaliana kimaandishi jinsi ya kusaidiana siku ya dharura, hasa kwa sampuli zilizokwisha kuuliwa virusi, gharama ya kuanzia itakuwa ndogo kuliko inavyodhaniwa. Makubaliano hayo yasainiwe wakati wa utulivu.

Tunaomba mtujibu kwa maandishi mambo matano: ni maabara ipi ya kusini itakayopima, kuanzia tarehe gani, nani atahakikisha vitendanishi vipo, mfugaji atalipwa kiasi gani na kwa muda gani, na ni namba ipi ya simu itakayopokelewa saa zote, hata Jumapili. Jibu hilo libandikwe kwenye ofisi za kata na kwenye masoko ya kuku kabla ya mwezi Oktoba, ndege wa ng'ambo wanapoanza kutua Usangu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Afisa mifugo mstaafu na mfugaji wa kuku wa mayai,
Uyole, Mbeya.